Mwandishi Aliyeachwa Nje ya Kufuli

Jumanne, mwezi wa Shaabani

Kaka Omari,

Damu ya Athmani ingali kwenye kompyuta yako. Leo mwenzako huyo wa kazi alitaka kufuta kufuli uliloandika katika programu yenu ukitafuna mabuyu, lile la kuwapanga foleni wanaotaka kugusa data, aweke lake.

"Kufuli la marehemu ni kobe, Bi Mwana!" akaniambia.

Kumbe lake alilijaribu kwa wasomaji pekee, yaani sehemu za programu zinazosoma data tu, ambao huingia pamoja. Nikaongeza mwandishi mmoja, yaani sehemu inayobadilisha data, ambaye lazima aingie peke yake. Kwa kufuli la Athmani, wasomaji walimpita tu, asiingie kabisa. Kwa lako, zamu yake ilifika.

Kuona ameshindwa, Athmani akanizaba kofi, akainyakua kompyuta alifute lako. Nikamponda vidole kwa mchi wa mama mpaka akaiachia.

Alipolia, nilitaka kuendelea. Najiogopa.

Ukinikumbuka huko kaburini, kaka, nikumbuke nilivyokuwa jana.