Kipande cha Jembe la Mahari

Shemeji Ramazani,

Kamyo yako imefika Kasongo. Nakuambia hilo kwanza, maana nakujua, hungesikiliza neno lingine kabla yake.

Tulipokuzika, dada yangu Zaina alikataza mtu asiiguse mpaka matanga yaishe. Alisema chombo cha marehemu nacho kimefiwa. Basi gari likakaa juani, maji ya injini yakakauka polepole, na kile kizibo chako cha mti kikanywea.

Unakikumbuka? Tulikuwa upande wa Lusangi. Kifuniko cha chuma kinachoziba tundu ubavuni mwa injini kililiwa na kutu, maji yakamwagika barabarani. Ukaketi juu ya gunia la mpunga la abiria, ukachonga mti mgumu, ukaupigilia tunduni. Nikakucheka kwamba kamyo imeota jino la mti. Ukanijibu kuwa mti ukinywa maji huvimba, kama kichwa changu nikinywa pombe. Abiria walicheka hadi Kabambare.

Siku ya kumaliza matanga kaka zako walitoa neno lao. Kamyo ikifikisha mpunga Kasongo, ni ya watoto wako. Isipofika, mfanyabiashara wa Kasongo anayeungoja aichukue, aivunje vyuma. Tulipotia maji, yakatoka yote palepale penye jino lako. Zaina aliyatazama, akaingia ndani.

Nilitafuta chuma chembamba chenye nguvu. Bati lilikuwa laini mno, pipa lilikuwa limeoza. Ndipo nikakumbuka jembe lililo kwa mama, moja ya yale uliyoleta ulipomuoa Zaina. Mama amelilimia miaka mingi, limekwisha kuwa jembamba. Lakini mama alikataa.

"Mahari ikirudi, ndoa imevunjika," alisema. "Hata kama bwana iko mu kaburi."

Nilikasirika, shemeji. Nilikasirikia jembe, nikakukasirikia na wewe kwa kufa kabla ya kazi kwisha. Zaina ndiye aliyekwenda kuketi karibu na mama.

"Mama, jembe iko yako. Mimi naazima kipande tu, sawa vile mutu anaazima moto kwa jirani."

Moto ukiazimwa, jiko la mwenyewe halizimiki. Mama alilijua hilo. Alinipa, akaniagiza nisiguse mahali pa kutilia mpini, ili libaki jembe.

Nikakata kipande cha duara kwa patasi, nikakipiga kikatokeza tumbo kidogo. Jino lako nikaling'oa, nikakwangua kutu tunduni mpaka chuma kikang'aa, nikapaka rangi nzito ukingoni, nikakiweka kipande tumbo likiangalia nje. Kisha nikashika mtaimbo wako mfupi, nikauinua, nikaushusha tena. Jino lilikuwa mfukoni mwangu, na alama za kisu chako zilikuwa bado juu yake. Nilijua kuwa hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako, na ni mimi niliyeitoa.

Ulikuwa ukiniambia: "Piga mu katikati, shemeji. Kama uko unaogopa, maji itatoka."

Nilipiga nikilia. Tumbo likalala, kingo zikatanuka na kuuma chuma pande zote. Tukajaza maji. Zaina akachuchumaa, akaweka kiganja chini ya kizibo, nami nikawasha injini. Alikaa hivyo hata injini ilipopata moto sawasawa. Alipokitoa, kiganja kilikuwa kikavu. Akajipangusa machozi kwa hichohicho.

Mpunga umefika. Kaka zako wamekubali kuwa kamyo ni ya watoto wako, na mdogo wao ameanza kuniomba nimfundishe usukani. Jembe limerudi kwa mama likiwa na tundu lake. Analilimia bado, anasema linapitisha upepo.

Jino lako nimelifukia kaburini kwako, upande wa kichwa. Kizibo hiki nacho kitachoka siku moja, vyuma ni vyuma. Nakuahidi nitatafuta chuma kwingine. Jembe sitalikata tena.

Lala salama, shemeji. Mahari yako iko kwa mama. Zaina bado ni mke wako.

Shemeji yako,
Kalonda