Sauti Yako Iko Klabu

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Mdogo wako uliyesema hata kufagia nitafeli, sasa ndiye mfalme wa muziki wa kompyuta mtaani. Usicheke! Jumamosi nikiweka rimiksi yangu, klabu nzima inatetemeka.

Ila kuna jambo. Ule ujumbe wako wa sauti kutoka hospitali, uliposema mashine ya kiwandani imekusaga mguu, wameukata, na "mama asijue", nilichukua maneno mawili ya mwisho tu, nikayapachika juu ya mdundo. Mama asijue, dum dum, mama asijue! Watu wakapagawa. Sasa hata watoto wanaimba wakitoka shule.

Juzi mama alikuwa anaanika nguo, jirani akaupiga wimbo huo kwenye simu yake. Shuka likamdondoka.

"Huyo ni mwanangu. Nisijue nini?"

"Mama nawe! Wimbo tu huo."

Alinitazama weee, kisha akaokota shuka. Leo ameniuliza namba ya kiatu chako, anataka kukutumia jozi mpya. Nikamtajia. Ningefanyaje?

Kaka, mdomo wangu wote huu umeniishia. Mpigie kabla hajainunua hiyo jozi.

Ni mimi mtundu wako,
DJ Kelele