Doa Katika Theluji

Ami,

Tangu ulipotuacha imepita miezi mitano. Mkeo, Bi Zuwena, katoka eda. Duka lako la fremu pale Hamriya sasa linauza vifuniko vya simu. Hizo ndizo habari nyepesi. Nzito ni hii: leo saa tisa mtaalamu wa karatasi wa makumbusho hapa Maskat anakuja kuziona picha zako sita za Kijapani, na moja nimeiharibu.

Wasia wako ulikuwa wazi: ziende makumbusho zote sita, au isiende hata moja.

Ni ile picha ya mlima wa Uswisi. Ulinieleza mara nyingi ilivyochapwa: kila rangi na kibao chake cha mbao, karatasi ikilazwa juu ya kibao kimoja baada ya kingine. Ukaigeuza, ukanishika kidole nipapase pale mkono wa mchapaji ulipokandamiza. "Mjapani kasafiri kote huko kutazama mlima wa watu," ulisema, "na theluji hakuipaka kitu. Hiyo theluji ni karatasi tupu."

Baada ya hitima nilizihamishia picha kwenye kabati la nguo. Bi Zuwena akaniambia nitie karafuu, kama tunavyotia katikati ya kanga, wadudu wasile. Nikasita.

"We mtoto! Karafuu imeponya meno ya dunia nzima, itashindwa na karatasi?"

Nikatia konzi moja, kwa mkono wangu, bila kumuuliza anayejua. Na kazi yangu ni kuuliza, Ami.

Juzi nilifungua. Joto la kabati limekamua mafuta ya karafuu. Kuna madoa matatu ya hudhurungi, kubwa lao upana wa punje ya kunde, yote juu ya kilele. Nayapima asubuhi na jioni kwa rula. Nadhani hayakui. Sina hakika. Leo nimeshapima mara nne.

Mwanao Khalfan alitazama, akacheka. "Mwambie ni jua linachomoza, dada." Alipoona sicheki, akasema, "Basi ifunike kwa kadi ya fremu. Baba angefanya hivyo."

Usingefanya. Lakini mimi nilifanya. Nilikata kadi ya kuizunguka picha, nikaiweka. Ilifunika madoa pamoja na ncha ya kilele, na asiyeijua picha asingeshuku kitu. Ilipendeza, na hilo ndilo lililonitisha. Miaka thelathini naandika habari za watu waliofunika mambo, na sikujua kwamba huwa ni rahisi hivi.

Kadi nimeitoa. Nimeandika ukurasa mmoja: kabati gani, muda gani, karafuu kiasi gani, nani aliyetia. Nitampa mtaalamu kabla hajafungua jalada. Jina la Bi Zuwena halimo. Ushauri ulikuwa wake, mkono ulikuwa wangu. Yeye hajui habari za madoa. Kila saa ananiuliza, "Watazichukua picha za mzee?" Namjibu inshallah.

Nasikia gari linaegeshwa nje. Buriani, Ami. Mungu alitie nuru kaburi lako. Wakiukataa mlima huu, sitautoa ili tano zipokewe. Zote zitakaa kwangu, ukutani, na atakayeuliza madoa yale yametoka wapi nitamwambia: ni mimi.