Kuku wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Rabat, 3 Novemba 1993

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono. Natumaini kikohozi kimepungua na miguu haikusumbui. Mimi mzima. Shule niliyopangiwa ni nzuri, watoto wakorofi kiasi.

Jumamosi tarehe 27 nawakaribisha walimu wenzangu sita chakula cha jioni. Kila chakula nitakitoa kwenye kitabu kimoja, unakijua: cha mama mdogo Touria. Yeye nimemwalika. Nakuomba na wewe uje.

Najua hamjasemeshana miaka mitatu, tangu kitoke kikiwa na jina lake peke yake. Lakini Mama, mapishi yako nimeyajua kwa kitabu hicho tu. Wiki ile aliyokuja kuandika, yeye alisimama jikoni nawe. Mimi ulinifungia mlango: "Nenda kasome, huku hakuna mtihani." Nataka mara moja nikupikie, na ninyi wawili mkae meza moja.

Mwanao,
Ghizlan

Fez, 10 Novemba

Mwanangu Ghizlan,

Barua imenikuta salama. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Unakula vizuri lakini?

Sitakuja. Siwezi kukaa nikitazama watu wanampongeza Touria kwa kazi ya mikono yangu.

Ila kama utapika, usiwalishe watu makosa. Nimekisoma kitabu chake. Eti nyama ya kondoo itiwe tende! Wiki ile zabibu ziliadimika sokoni, nikatia nilichokuwa nacho. Sasa nchi nzima inatia tende. Ukurasa wa 41, kuku wa limau hana chumvi. Marehemu baba yako presha ilikuwa imempanda, daktari kakataza. Bastila ya njiwa: vya ndani vipoe kabla hujavifunga kwenye manda. Siku ile wageni waliwahi, nikafunga vingali vya moto. Mjinga yule hata kuuliza hakuuliza. Hakuandika mapishi, kaandika wiki yangu.

Rekebisha yote.

Mama yako

Rabat, 16 Novemba

Mama,

U hali gani? Treni ya mchana inafika saa kumi. Jumamosi ile ya tarehe 27 nitakuwa stesheni, usiponiandikia chochote.

Mwanao

Rabat, 29 Novemba

Mama,

Natumaini u mzima. Nilingoja treni mbili.

Sikurekebisha kitu. Bastila ililegea, tukaila kwa vijiko. Kuku alipofika, mwalimu wa hesabu, Driss, akauliza, "Dada Ghizlan, chumvi imepanda bei mtaani kwenu?" Wakacheka wote isipokuwa mama mdogo.

"Unanitia aibu," akaniambia. "Kitabuni mwangu chumvi ipo."

Nikamfungulia ukurasa. Akasoma, akarudia. "Basi nilisahau."

"Hukusahau. Ni wiki ile ya presha ya Baba."

Akaweka uma chini. Nilidhani anaondoka. Akawaambia, sauti ya kawaida tu, "Vya humu kitabuni sijawahi kupika hata kimoja. Ni vya dada yangu Bahija, wa Fez. Nilimwibia." Hakuna aliyejua atazame wapi. Driss akajiongezea kuku, nafikiri kwa heshima.

Utaniuliza kwa nini sikukusikiliza. Njia sahihi niliijua, umenifundisha mwenyewe kwa barua. Lakini wiki ile nilikuwa nyuma ya mlango, na baada yake Baba hakukaa sana. Nilitaka kuila wiki ile kama ilivyokuwa.

Kama nimekosa, nisamehe.

Mwanao,
Ghizlan

Fez, 24 Desemba

Mwanangu,

Kikohozi kimekwisha. Nimekawia kujibu kwa sababu barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Baba yako alimla kuku yule siku nne mfululizo, akisema hajawahi kuonja mtamu kama yule. Alikuwa mwongo mkubwa, Mungu amrehemu.

Mlango nilikufungia kwa sababu mama yangu hakunifungia mimi, nikaishia jikoni. Nilidhani inatosha kukupa shule. Tuyaache hayo.

Ijumaa ijayo napika kuskusi. Mlete mdogo wangu. Hotuba sitaki, ameshaitoa huko kwenu. Atamenya vitunguu, vile vidogo, kilo tatu. Na wewe njoo na nguo ya kuchafua.

Mama yako