Ujumbe Usio na Shikamoo

Jumatatu, 7 Mei 2012
Nimelisha kuku. Tetea mweupe bado anaatamia, mkali kama mwenye nyumba.
Simu aliyonipa Zuhura imeanza kazi. Mjukuu wangu huyu yuko Mandewa, mjini, na kompyuta yake. Watu wa Dodoma na Manyoni wanaagiza kuku kwenye tovuti yake, oda zinapanga foleni. Ya mbele inakuja kwa ujumbe kwenye simu yangu hapa Ilongero. Nikibonyeza moja, ndiyo nimeipokea. Hapo Omari wa bodaboda anatumiwa ujumbe wake aje kubeba, na oda ya nyuma inasogea. Nisipobonyeza, inanirudia ile ile.
Foleni tena. Zamani tulipanga ya sukari duka la kijiji mpaka miguu ikavimba. Serikali ilipotoa ruhusa kila mtu ajiuzie, nikadhani tumeachana nazo. Ruhusa hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya kukusanya kuku. Nimesomeshea watoto.

Jumanne, 8 Mei
KUKU 10. JIBU 1.
Ndiyo salamu hiyo. Nimebonyeza. Nimemvumilia Zuhura.

Jumatano, 9 Mei
MAJOGOO 15. JIBU 1.
Nani anamwambia nani? Nimemzaa mama yake, yeye nimemwogesha kwa mikono hii. Sikujibu. Ujumbe ukarudi. Ukarudi tena niko kwenye swala. Nimezima sauti, simu nimeitia kwenye debe la mtama. Akijua kuamkia, nitajibu.

Alhamisi, 10 Mei
Nimepeta mtama. Omari kapita na abiria, nikamwita. Mbona huji kubeba?
"Shikamoo Bibi. Sijatumiwa. Ujumbe wangu hautoki mpaka ujibu wa kwako."
Basi ikae.
Moyo hauko sawa. Simu sijaitoa.

Ijumaa, 11 Mei
Zuhura kaja mwenyewe. Kasimama mlangoni, hakuingia.
"Shikamoo Bibi. Simu iko wapi? Nimepiga mpaka nimechoka."
Nyuma ya oda ya wale majogoo kulikuwa na oda ya harusi, Manyoni. Haikusogea. Wageni wamekula wali na maharage. Mama wa bwana harusi kampigia Zuhura, kamtukana na ukoo wake. Ukoo wake ni mimi.
Nikamwambia mashine yako haina adabu.
"Bibi, mashine haijui nani mkubwa. Inatuma tu."
Aliyeifundisha anajua, nikasema.
 Halafu kasema oda sasa anampelekea Mwajuma wa Ihanja. Yeye anajibu.
Mwajuma! Kuku wake viroboto watupu.
Kaondoka bila kunywa maji. Nimekasirika. Hapana, nimeumia.

Jumapili, 13 Mei
Simu mkononi kutwa. Kimya. Jirani kaleta matetea wawili niwauze, nimemwambia arudi nao, nimechoka. Uongo. Hakuna anayeniagiza. Tangu ujane wangu hakuna aliyenikuta nimekaa tu.
Na harusi ile bado naiwaza. Wali na maharage. Yule bibi harusi hakunikosea kitu.

Jumanne, 15 Mei
Nimemtuma Omari mjini. Amwambie Zuhura nitajibu.
"Niseme Bibi anaomba radhi?"
Sema nitajibu. Masikio unayo.
Kaenda anacheka. Mjinga.

Jumatano, 16 Mei
Kimya. Mvua haipo, upepo tu.

Alhamisi, 17 Mei
Simu imelia nakoroga uji. KUKU 6. JIBU 1. Bila shikamoo, vile vile. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikabonyeza. Nimechagua walioshiba. Omari kaja, kabeba.
Alasiri Zuhura kapiga. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza kama kuku wamefika.
"Wamefika Bibi, nilishaona kwenye kompyuta. Nimepiga kukusalimia tu."
Nikamwambia asimalize salio.
Hakukata. Na mimi sikukata.