Makaa ya Jumamosi

Haifa, 6 Novemba 1983

Mdogo wangu mpendwa Zelik,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Montreal haijakuvunja mgongo kama mwaka jana. Wifi yangu Mirl hajambo? Mwambie ile skafu aliyonifumia naivaa, ingawa hapa joto halijaisha na majirani wananicheka. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Filamu kuhusu kambi yetu ya mafichoni wakati wa vita inakaribia kwisha. Yule binti anayeitengeneza, Tirtza, niliyekuandikia habari zake, amenifanya mshauri wake. Kila asubuhi gari linanipeleka kwenye misonobari ya Mlima Karmeli, ambako wamechimba mahandaki kama yetu ya kule msituni. Nimewaambia mahandaki yao ni mazuri mno, mtu angeweza kuyapangisha. Anayeigiza Mjomba Leib ni pande la mtu, mpole, mwenye kucha safi. Nikamweleza kwamba Leib alikuwa mfupi, na alimtukana kila mtu, Wajerumani, mvua, hata bunduki yake mwenyewe. Akacheka, akaniomba nimfundishe hayo matusi. Nimemfundisha mawili, mengine ni ya kwetu.

Wiki iliyopita walirekodi tukio la ile Jumamosi. Unaijua, ingawa hatujaitaja tangu baba afariki. Mchana kambini hapakuruhusiwa moshi. Kila Ijumaa sufuria ya viazi na maharage ilikaa juu ya makaa usiku kucha, ili tusiwashe moto siku ya Sabato, na kabla ya mapambazuko makaa yalifukiwa kwa udongo. Baba aliruhusu kufukia, kwa kuwa ni kuokoa roho za watu; kuchochea hakuruhusu. Kufukia ilikuwa kazi yako, nawe ulikuwa na miaka kumi. Siku ile moshi ulionekana, Wajerumani wakaja, na Mjomba Leib akabaki nyuma na bunduki yake ili sisi kumi na wanne tuvuke kinamasi. Tulivuka sote. Yeye hakuvuka.

Katika filamu, mtoto anapitiwa na usingizi, makaa hayafukiwi. Nilipomwona yule mtoto amelala mdomo wazi kama wewe, niliinuka nikawaomba wasimamishe. Tirtza akauliza kosa liko wapi, maana ni mimi mwenyewe niliyemsimulia hivyo. Ni kweli. Ndivyo nilivyosimulia kwa miaka arobaini.

Zelik, ulifukia. Ulifukia vizuri, ukarudi kulala. Mimi ndiye niliyeamka, nikakuta mafuta yameganda juu ya viazi, nikafukua makaa na kuongeza vijiti viwili. Baba alipouliza, ng'ambo ya kinamasi, ni nani aliyezembea, nilinyamaza. Yeye alikuwa mchinjaji wa kidini wa mji mzima. Ningemwambiaje kwamba binti yake amechochea moto siku ya Sabato? Nilimwogopa yeye kuliko wanajeshi. Wewe ukasema labda hukufukia sawasawa, ukalia, nami nikakuacha useme. Tangu siku hiyo hujagusa chakula kile, na kila ulipoisukuma sahani mezani mimi nilitazama pembeni. Naona aibu, Zelik.

Nilipomweleza Tirtza hayo, alitaka kunisitiri. Akapendekeza msichana afukue makaa kwa ajili ya mama mgonjwa. Nikamkatalia. Mama alikuwa mzima kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka viazi vya moto, basi. Alhamisi wamerekodi upya hivyo hivyo, na yule mtoto akapigapiga udongo kwa viganja, mara mbili, kama ulivyozoea kufanya.

Filamu itaonyeshwa baada ya sikukuu ya Hanuka. Uliniandikia kwamba huji, nami nilielewa unachokimbia. Ukiamua kunikasirikia, kasirika utakavyo, kwa muda utakao. Sina haki ya kukuharakisha. Ila ukipata barua hii, Ijumaa mwombe wifi abandike ile sufuria, na Jumamosi uifunue mwenyewe, ule.

Nisalimie watoto na wajukuu, na yeyote huko anayenikumbuka.

Ni mimi dada yako, niliyefukua makaa,

Gitl