Karibu Wakati Wowote

Glenys, pokea simu. Nimefanya jambo, sijui nitalitengenezaje.

Unamkumbuka Aizere, yule mwanafunzi wa Kazakhstan aliyeimba kanisani kwetu? Nilimwambia, "Karibu kwangu wakati wowote." Kama tunavyosema sote, Glenys.

Amekuja.

Shule imefunga kwa likizo fupi na bweni halifunguliwi hadi wiki ijayo. Walipomuuliza ataishi wapi, alinitaja mimi. Nimetoka dukani nikamkuta mlangoni na sanduku, mvua imemlowesha.

Nikamwuliza, "Umekuja kufanya nini, mwanangu?"

Umekuja kufanya nini. Mimi huyu.

Mzee Pritchard, jirani yangu, akatoka na taulo safi akamfunika mabega. Mtoto akamwuliza yeye, si mimi: "Babu, Waingereza wakisema wakati wowote, huwa ni wakati gani?"

Pritchard akanitazama. "Mwulize bibi huyu, ndiye mwenye nyumba."

Sasa yuko jikoni kwangu. Chai hainywi, koti havui, mkono haubanduki kwenye sanduku. Nimemwambia akae, akajibu, "Asante, bibi, mna adabu sana."

Njoo na lile blanketi lako zito, Glenys. Tumtandikie kitanda mbele ya macho yake, maana yeye hayaamini tena maneno yangu.